Nusu ya Doti

Kabla ya kumviringisha mtoto, shangazi yangu huisoma kwanza khanga. Aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba huonja chumvi kabla ya kuepua sufuria. Wanawake wa kwetu pwani huenda kujifungua na beseni, mpira wa kulalia, pamba na khanga doti mbili au tatu, na khanga, kama ajuavyo kila mtu, zina midomo. Moja imebeba dua, nyingine imebeba fumbo la kumchoma mke mwenza. Mtoto akizaliwa analia, hakuna anayejali amefunikwa kwa maneno gani. Kesho atayakojolea na khanga itafuliwa. Mtoto aliyezaliwa amekufa atatoka nayo wodini mara moja tu, na mama yake ataikumbuka hadi uzeeni. Kwa hiyo shangazi huikunjua, huisoma, na kama maneno ni ya kejeli huyageuza yaelekee ndani, au huuliza kama kuna nyingine. Kisha huitenganisha doti. Kipande kimoja cha mtoto, cha pili hubaki kwa mama.

Amefanya kazi ya ukunga miaka 34, sehemu kubwa katika hospitali za wilaya, na sasa amestaafu, ingawa mimi bado namsimulia kama yuko zamu. Ukimtembelea utamkuta barazani anafuma kofia za uzi, nyingine za kuenea chungwa, nyingine za kuenea embe dodo. Nimemdodosa kwa muda mrefu juu ya upande huu wa kazi yake, kwa sababu ni upande usio na vigelegele. Mkunga husifiwa kwa watoto waliolia. Wale ambao hawakulia, hata aliyewapokea vizuri haambiwi asante, maana watu hawadhani kama kuna namna nzuri ya kuwapokea.

Mimi nami sikudhani, hadi dada yangu alipojifungua mimba ya miezi minane na nusu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nesi alitoka na boksi la dripu lililozungushiwa plasta, akanipa daftari nisaini, akarudi ndani. Nikasaini. Sikulifungua boksi, mama hakulifungua, wazee wakazika alasiri ile ile. Jioni, usingizi wa dawa ulipomtoka, dada aliuliza swali moja: "Alikuwa na nywele?" Tulikuwa watu saba chumbani na hakuna hata mmoja aliyejua. Imepita miaka 19, na bado hakuna anayejua.

Shangazi alifika kesho yake kwa basi la usiku. Hakumlaumu mtu. Alikaa na dada kitandani, na nilichokiona siku ile ndicho kilichonifanya nianze kuuliza.

Kazi yenyewe huanza sikioni. Mkunga huinama na fetoskopu, ile tarumbeta ndogo aliyoibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 na ambayo bado iko kazini katika zahanati zetu, akaisogeza juu ya tumbo kutafuta mapigo ya moyo. Mkono wake mwingine hushika mshipa wa kifundo cha mkono wa mama, asije akahesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto. Kimya kikizidi, nesi mgeni hubadilika uso, na mama husoma uso kabla hajaambiwa neno. "Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu," shangazi anasema. "Tunainuka, tunasema namwita daktari, tunapotea nusu saa. Mama anabaki anahesabu mabati ya dari." Yeye huacha kiganja chake juu ya tumbo na kusema kilichopo: sijasikia mapigo, nataka tuhakikishe kwa altrasaundi, na nitakwenda na wewe.

Habari yenyewe ni ngumu zaidi, kwa sababu inagongana na adabu yetu. Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni. Mtu huitwa nyumbani kwa kisingizio, huambiwa mama anaumwa kidogo, hukuta viatu vingi mlangoni, na hapo huwa ameshajua. Ni utaratibu wa huruma na una akili yake. Lakini wodini utaratibu huo huishia pabaya: mume huambiwa kwanza, mama mkwe huambiwa wa pili, na mwanamke aliyembeba mtoto ndiye wa mwisho kujua kilichotokea ndani ya mwili wake. Shangazi ametafuta njia ya kati. Huuliza, "Umekuja na nani?" na kumleta aliyetajwa, awe mume au mama au jirani. Huvuta kigoda akakaa, macho yawe sawa na ya mama. Husema, "Nina habari nzito." Hungoja pumzi mbili tatu, hizo ndizo viatu vya mlangoni. Kisha husema, "Mtoto wako amefariki."

Nilimuuliza kwa nini asitumie neno laini zaidi. Akanisimulia juu ya mwenzake aliyemwambia mama kwamba mtoto "amepumzika." Yule mama akajibu, "Basi mwacheni alale, amechoka, amenipiga mateke wiki nzima." Ikabidi aambiwe upya, na safari ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza.

Baada ya hapo bado kuna kuzaa. Wengi huomba wapasuliwe mtoto atolewe upesi, na mkunga lazima aeleze, kwa subira na zaidi ya mara moja, kwamba kisu hakitamsaidia mtoto tena ila kitamwachia mama kovu ambalo mimba ijayo italibeba. Kwamba kuna dawa ya kuanzisha leba, na dawa ya maumivu atapewa. Hilo la dawa ya maumivu shangazi hulisisitiza kwa hasira kidogo. Zipo zamu, anasema, zinazosahau kumpa mama huyu dawa, kana kwamba maumivu yasiyo na mtoto mwishoni hayahesabiki. Kiswahili kina neno moja, uchungu, kwa leba na kwa msiba. Mwanamke huyu hupewa yote mawili usiku mmoja.

Siku moja alinipa nyanya. Alikuwa ameichovya katika maji ya moto, kama wanavyofanya wapishi wanaotaka kuimenya, akaiweka kiganjani mwangu pamoja na kitambaa. "Ikaushe, mwanangu." Nikaikausha kama ninavyokausha chochote. Ganda likavuka na kubaki kitambaani, nyama ikawa wazi. Akachukua ya pili. Hakufuta. Alitandaza kipande cha gozi la kufungia vidonda juu yake, akakibonyeza kwa ncha za vidole, akakiinua kikiwa kimelowa; akahamia upande mwingine, akabonyeza tena, akainua. Ilimchukua kama dakika nne kwa nyanya moja. Alipomaliza ilikuwa kavu na nzima.

Hivyo ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wa uuguzi, kwa sababu mtoto aliyefia tumboni huwa hivyo. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufa ngozi huanza kulegea, na ukiisugua inachubuka. Zikipita siku, mifupa ya kichwa nayo hulegea ikapandana. Midomo huwa myekundu ya kiza. Kwa hiyo maji yasiwe ya moto, yamiminwe, mkono usisugue. Kichwa kishikwe kwa kiganja chote kama kikombe. Pale palipochubuka pawekwe gozi lenye vaselini, khanga isije ikaganda. Na kofia ya uzi ina kazi yake: hukishika kichwa kibaki na umbo lake. Ndiyo maana anafuma saizi nyingi. Amejifunza kwamba kofia kubwa inayomfunika mtoto hadi machoni humfanya mama adhani anafichwa kitu.

Akishamwosha humpima. Uzito huandikwa kwenye rejista kwa lazima, lakini yeye huutamka kwa sauti, na huutamka kwa mama: kilo mbili na gramu mia saba. Kisha huchukua kile kidau cha wino wa muhuri kilicho juu ya meza ya nesi msimamizi, hugusisha nyayo mbili kwa upole, na kuzichapa nyuma ya kadi ya kliniki. Wino huo ni wa serikali, anasema akicheka, na hajawahi kuuombea kibali.

Lipo jambo la lugha ambalo sikuwahi kulisikia mpaka aliponionyesha. Sikiliza watu wanavyomsema mtoto wa namna hii. "Kimezaliwa kimekufa." "Kile kitoto kilizikwa wapi?" "Kimetoka." Hakuna aliyekaa akaamua, ila mtoto ameondolewa katika ngeli ya watu akawekwa pamoja na viti na vikombe. Shangazi hajawahi kusoma isimu, lakini mwanafunzi akisema "kimekufa" mbele yake, humkatiza: "Nani?" Mwanafunzi hurudia, "Amekufa." Basi wanaendelea na kazi. Mtu anaweza kuona ni uchokozi mdogo. Mimi naona hakuna sentensi fupi zaidi katika Kiswahili ya kumrudishia mtu mwanawe.

Na je, mama amwone? Hapa hata wataalamu wamevutana. Enzi za walimu wake jibu lilikuwa hapana: mtoto alifunikwa shuka na kuondolewa haraka ili mama asahau, na shangazi anakiri kwamba miaka yake ya mwanzo alikimbia nao vilevile, tena kwa fahari, akiona anafanya huruma. Mwaka 1976 daktari wa akili wa London, Emanuel Lewis, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kumficha mtoto humwacha mama akiomboleza kitu kisicho na umbo. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa Uingereza, katika jarida hilo hilo, ukaleta shaka: baadhi ya waliowapakata watoto wao walionekana kuumia zaidi baadaye. Miongozo ya huko ikayumba, kisha ikatulia mahali ambapo shangazi alikuwa ameshafika kwa njia yake: usilazimishe, usizuie, uliza. Yeye huuliza mara mbili. "Ukisema hapana sasa, nitakuuliza tena alasiri," na alasiri huuliza kweli. Kabla ya kumleta humweleza mama atakachokiona, bila kuficha: hapa shavuni ngozi imetoka, midomo imekuwa na rangi hii, vidole virefu kama vyako. Anasema bado hajamwona mama ambaye alichokiwazia hakikuwa kibaya kuliko mtoto mwenyewe.

Wapo wanaokataa mara zote mbili. Wapo ambao mama mkwe amesimama mlangoni akisema kumtazama maiti kutafunga kizazi. Shangazi hagombani na mtu. Husema, "Basi nitamtazama kwa niaba yako," akachukua karatasi na kuandika: uzito, urefu, nywele zilivyo, vidole, masikio, anafanana na nani. Huikunja mara nne na kuifunga ndani ya nusu ya doti. Wengine wameifungua siku hiyo hiyo. Mmoja alimfuata sokoni baada ya miaka mingi kumwambia kwamba amesoma jana.

Nilipolisikia hilo nilinyamaza kidogo, nikamfikiria dada. Karatasi ile ni kazi ya dakika tatu.

Kuna swali moja ambalo shangazi hulijibu polepole kuliko yote: "Kwa nini?" Duniani watoto wanaozaliwa wafu baada ya wiki 28 za mimba wanakaribia milioni mbili kila mwaka, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya asilimia 40 kati yao hufa wakati wa leba yenyewe, yaani mama akiwa tayari mikononi mwa wenye kazi au njiani kuwafuata. Mikono inayoosha huujua ukweli huo mapema. Ngozi ikiwa imara na laini, mtoto alikuwa hai saa chache zilizopita. Mkunga anayebonyeza gozi juu ya shavu zima anajua kwamba jibu huenda limo ndani ya wodi: gari lililochelewa, chumba cha upasuaji kilichokuwa na mtu, partografu, ile chati ya kufuatilia leba, iliyojazwa saa mbili za kwanza ikaachwa. Jibu rahisi liko mdomoni muda wote, nalo ni "mapenzi ya Mungu." Shangazi ni mtu wa swala tano na hulitamka neno hilo kwa unyenyekevu panapostahili. Ila hakubali kumsingizia Mungu partografu tupu. Husema anachokijua, husema asichokijua, na huandika yote mawili kwenye fomu ya kikao cha vifo. Jambo hili limemgharimu marafiki kazini.

Akina baba hukaa nje kwenye benchi, chini ya mwarobaini, wakiambiwa "jikaze, wewe mwanaume." Shangazi huwatokea mwenyewe, hamtumi mhudumu. Kwa Waislamu anajua swali litakalofuata, kwa sababu alimwendea sheikh miaka mingi iliyopita akauliza vizuri. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi mwambao, mtoto aliyetimiza miezi minne akazaliwa bila dalili ya uhai huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa, haswaliwi, kumpa jina kunapendekezwa. Watu mtaani hushika hilo neno la katikati peke yake, "haswaliwi," wakalitafsiri kuwa si mtu. Shangazi humrudishia baba orodha nzima, akimalizia na jina. Kwa Wakatoliki hukumbusha kwamba Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa mwaka 2007 waraka unaoeleza sababu za kuwatumainia wokovu watoto waliokufa bila ubatizo. Huwa haongezi neno. Humkabidhi baba mtoto mikononi, kama anavyokabidhiwa mtoto yeyote, na kumwambia atakayemwosha nyumbani amimine maji, asisugue.

Wodini nako kuna hesabu. Hospitali ya wilaya haina chumba cha pembeni. Mama huyu atalala kati ya vilio vya watoto wa wenzake. Shangazi humpa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, na hufunga kipande cha bendeji kwenye chuma cha kitanda upande wa miguuni. Kila mtu wa zamu anajua maana yake: mfagiaji, mleta chai, wanafunzi, na hasa nesi wa chanjo, yule anayepita asubuhi akiita, "Wazazi, leteni watoto wachomwe BCG!" Kabla ya bendeji hiyo, alisema, kila wiki kulikuwa na mtu wa kumwuliza mama wa kitanda cha mwisho mtoto wake yuko wapi.

Na siku ya kuruhusiwa humwambia jambo ambalo wengi hawalisemi, kwa sababu linaumiza kulisema: siku ya tatu hivi maziwa yatakuja. Mwili haukupewa habari. Zamani walimfunga kifua kwa khanga hadi apumue kwa shida. Siku hizi husema avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi au majani ya kabichi yaliyopoa, akamue kidogo tu pale anapobanwa, anywe parasetamoli, na akipata homa au wekundu arudi. Vipo vidonge vya kuzuia maziwa, ila mara nyingi havipo dukani.

Kisha humwambia aende akakandwe. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Pwani, aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga na supu, hulala ndani siku arobaini. Msiba ukiingia, familia husahau hayo yote; wanawake hukaa mkekani wakilia, na mama huachwa na mgongo wake. Shangazi humwita bibi aliyekuja kumchukua na kumwambia, "Huyu ni mzazi. Mkandeni." Ndicho alichomfanyia dada siku ile ya basi la usiku: alichemsha maji, akafunga mlango, akamkanda kuanzia kiunoni, huku akimwuliza mtoto alikuwa akicheza upande gani wa tumbo. Dada akamwonyesha. Kwa siku mbili hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote.

Bendeji bado inafungwa katika wodi aliyoiacha, kwa kuwa wawili wa wanafunzi wake ndio sasa wasimamizi wa zamu. Nyayo zimekoma, maana kidau cha wino kimehamishiwa masijala. Ya karatasi sina hakika. Basi nesi msimamizi unayesoma hapa, popote ulipo: weka karatasi na kalamu kando ya mizani.